Herufi Tatu za Mwalimu Mkuu

Ilipokaribia Jamhuri, betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi ili zifike mwisho wa taarifa ya habari ya saa moja jioni, na wazee wakajazana kwa baba kuisikiliza Sauti ya Kenya ikiwataja waliotunukiwa na Rais; majina ya makamishna na maafande yakapita bila mtu kugeuka, hadi alipotajwa mwalimu mkuu wa tarafa yetu, HSC, yaani Pongezi ya Mkuu wa Nchi, hapo mtu akapiga meza kwa kiganja na chai ikamwagika.

Mwalimu wa namna ile mlimjua. Kaunda suti iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa, vumbi la chaki kwenye mikunjo, baiskeli ya Raleigh ikilia mnyororo. Na kiboko juu ya kabati, tusijidanganye: mara nyingi aliyetuzwa ndiye aliyefaulisha CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na siri ya kufaulu kwetu tuliikalia kwa shida. Mwalimu wa chekechea, aliyetushika mkono tukaandika "a" ya kwanza, hatukuwahi kumsikia redioni.

Siku hizi orodha inaingia kwenye simu. Unaandika jina, unalipata au hulipati, unaendelea na shughuli zako. Hakuna anayemwaga chai. Mwalimu yumo, kati ya wanasiasa na wanariadha, ila ni wa nani, hujui.

Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na sioni wa kuvililia. Tuzo nazo zimebadilika. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia kule Keriko, Njoro, alitunukiwa Dubai tuzo ya dunia ya dola milioni moja. Kwetu swali la kwanza likawa: atazifanyia nini? Mwalimu mkuu wetu hakuulizwa hivyo. Herufi zake tatu hazikununua hata katoni ya chaki.

Jambo moja nalipenda bila kinyongo: tangu Sheria ya Tuzo za Kitaifa ya 2013, raia wa kawaida naye anaweza kupendekeza jina. Mpwa wangu anataka tumpeleke mwalimu wake wa chekechea. Tumekwama kwenye kueleza mchango wake. Tulipompigia simu mwenyewe, alifikiri kidogo, akasema tuandike kwamba darasani kwake hakuna mtoto aliyelia baada ya wiki ya pili.