Paka mwenye h ya 12

Leo nawaletea habari za paka mwanahisabati. Msicheke kwanza.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha watafiti kinachoitwa h. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa na makala nyingine angalau mara 10, h yako imefika 10. Ili ifike 11, unahitaji makala 11 zilizonukuliwa mara 11 kila moja. Basi. Kwa sisi waandishi wa programu, hiyo ni kazi ya mistari michache tu, na ndiyo maana kipimo hiki kimeenea haraka.

Lakini programu huhesabu, haisomi. Mwaka 2024 Reese Richardson na Nick Wise walimtungia paka anayeitwa Larry makala 12 za hisabati kwa kutumia MathGen, programu inayotoa sentensi zenye sura ya hisabati lakini zisizo na maana yoyote. Wakatunga makala nyingine 12, kila moja ikizinukuu zote za Larry. 12 mara 12 ni 144. Google Scholar ikahesabu, na Larry akapata h ya 12. Paka huyo!

Sasa mtazameni Grigori Perelman wa Urusi. Alithibitisha dhana ya Poincaré, iliyowashinda watu kwa takriban miaka mia moja, katika makala tatu alizoziweka kwenye arXiv mwaka 2002 na 2003. Makala tatu, hata zikinukuliwa mara elfu kumi, haziwezi kumpa mtu h zaidi ya 3. Kwa hesabu hiyo Larry anamshinda mara nne.

Hisabati huumia kuliko fani nyingi. Wanahisabati huandika makala chache, na hunukuliwa mara chache, kwa hiyo kikundi kidogo cha watu wanaonukuuana kinaweza kupanda mpaka juu kabisa. Clarivate, kampuni inayotoa kila mwaka orodha ya watafiti wanaonukuliwa sana duniani, iliiondoa hisabati kwenye orodha hiyo mwaka 2023.

Kwa nini haya yananihusu mimi, niliyejifungia na kompyuta yangu hapa Spring Valley? Chuo kimoja kimeniomba programu ya kuchota namba za Google Scholar na kuwapanga wahadhiri wake, wa kwanza hadi wa mwisho. Kuiandika ni kazi ya siku mbili. Lakini namba hizi si mapambo. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ilitoa vigezo vya kupandisha vyeo ambavyo viliyapa machapisho alama. Mahali ambapo cheo hufuata hesabu, jedwali langu linaweza kugusa mshahara wa mtu.

Na kuna kazi ambayo jedwali hilo haliioni. Ukitoka huku kwetu kuelekea mjini unapita Chiromo, ilipo idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2002 Nairobi, Dar es Salaam na Makerere zilianza kushirikiana katika mpango wa EAUMP, kwa msaada wa Sweden, kuwafundisha wanahisabati wa shahada za uzamili na uzamivu. Profesa anayekesha akisahihisha tasnifu ya mwanafunzi haongezi hata nukta moja kwenye h yake.

Kwa hiyo nimewaambia wateja wangu hivi: hisabati isipangwe kwa namba. Kila mhadhiri achague makala zake tatu bora, aorodheshe wanafunzi aliowasimamia, kisha mwanahisabati mwenzake azisome. Wakikataa, watatafuta fundi mwingine, na huyo hawatamkosa.

Kusoma ni polepole na kuna gharama. Lakini yeyote angesoma ukurasa mmoja tu wa Larry, angejua kwamba ameandika paka.

Nyinyi mnaonaje? Hasa walimu mlio vyuoni, semeni.