Oili ya maisha, maisha ya nani?

Mzee wangu alienda mazishi Homa Bay ndani ya Probox, amebanwa kiti cha nyuma na watu wengine wanne, suti yake ya kijivu imekunjika magotini, na kosa lilikuwa langu. Benz yake ilikuwa nyumbani kwetu Migori, juu ya stendi nne, giaboksi haina oili. Wasee, acha niwaambie yote, ju najua kuna mtu anasoma hii akiwa tayari ameshika spana.

Gari yenyewe ni C200 Kompressor ya 2008, giaboksi ya gia 5. Mzee aliinunua 2015 ikitoka Japani, mwaka aliostaafu. Hainywi pombe, haendi klabu, raha yake ni hiyo gari. Sasa mwaka jana ikaanza ujinga. Ukitoka Awendo kuja Migori, kila ukipunguza mwendo kwa tuta, ikishuka kutoka gia ya 2 hadi ya 1 inakupiga teke la mgongo.

Akaipeleka Nairobi. Gereji moja ya vioo na vigae vyeupe, sitaitaja, ikamwambia giaboksi imekufa, nunua ingine, 185,000. Hawakutoa oili hata tone moja kuiangalia. Mwezi huohuo sista yangu alikuwa ameitwa chuo na tulikuwa tunatafuta karo ya semista ya kwanza. Kwa hivyo usione kama nilikuwa natafuta sifa. Ilikuwa giaboksi ama shule, na mzee alikuwa ameanza kuongea kuhusu kuiuza gari kwa bei ya hasara.

Nilipouliza kama oili ya giaboksi imewahi kubadilishwa, mzee aliniangalia kama nimetukana. "Si waliniambia hiyo ni ya maisha?"

Hapo ndipo nashikwa na hasira. Maisha ya nani? ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za BMW nyingi, inashauri yenyewe oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ama ikifika miaka 8. Hata Mercedes, ambao giaboksi yao hii ya gia 5 ilitoka 1996 oili ikiitwa ya maisha, baadaye walibadilisha wimbo. Sasa piga hesabu ya Kenya. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari yenye zaidi ya miaka 8, na wengi wetu tunanunua ya miaka 7 ju ndiyo tunaweza kumudu. Kumaanisha gari inashuka melini Mombasa oili ikiwa inakaribia kumaliza miaka yake, halafu sisi ndio tunaambiwa ni ya maisha. Mtu wa kwanza alikula utamu akiwa Osaka. Bili inaletwa Migori.

Na hii si kama oili ya giaboksi ya manual, ambayo kazi yake kubwa ni kulainisha. Kwa automatiki, oili ndiyo inafanya kazi. Inasukumwa kwa presha ibane klachi, inabeba nguvu ya injini ndani ya toki konveta, na bado inapoza kila kitu. Ikichoka, presha inayumba, klachi zinashika vibaya, wewe unasikia teke.

Kuna fundi mzee pale Suna, ametengeneza Peugeot 504 kabla mimi nizaliwe. Nilienda kumwuliza na akanionya: "Nyathina, usiguse. Oili ya zamani ikitoka, giaboksi nayo inaenda." Rahisi kumcheka, lakini hayo ni mambo ameyaona kwa macho. Tatizo ni kwamba watu humletea gari wakati tayari inateleza, klachi zimeisha. Anabadilisha oili, wiki mbili baadaye gari inasimama, oili mpya inabeba lawama ya mgonjwa aliyeletwa akiwa maiti. Ya kwetu haikuwa inateleza. Ilikuwa inagonga tu. Hiyo tofauti ndiyo ilinipa moyo, na hata hivyo usiku huo sikulala.

Alhamisi jioni nikaanza. Uwanja wetu ni murram, kwa hivyo nililaza mbao nene chini ya stendi zote nne. Usiwahi kuingia chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, sijali una haraka gani. Nikafungua nati ya kumwagia, oili ikatoka nyeusi kama chai ya rangi iliyochemka mara tatu, na harufu ya kuungua. Nikafungua sampu. Ndani kuna sumaku ndogo ya kunasa vumbi la chuma, na juu yake kulikuwa na ute wa kijivu, laini kama uji wa wimbi uliopoa. Nilipoona huo uji nilikaa chini nikashusha pumzi. Vumbi laini ni uzee. Vipande vya chuma ndivyo vinamaanisha kuna kitu kimevunjika ndani, na havikuwepo.

Nikaweka filta mpya, gasketi mpya, nikafunga sampu. Halafu nikachukua chupa ya oili mpya na kwa mara ya kwanza nikasoma maandishi ya nyuma.

Ilikuwa ya Toyota.

Nilikuwa nimeinunua hapa tauni, muuzaji akaniambia ATF ni ATF, bora iwe nyekundu. Na mimi, mtu wa kuwaambia watu wasome kabla ya kununua, nikaona nyekundu nikalipa. Rangi si kipimo. Giaboksi yetu inataka oili yenye idhini ya MB 236.14 na hiyo namba huwa kwa chupa. Hakuna duka Migori lilikuwa nayo. Niliagiza Nairobi Ijumaa asubuhi, ikapakiwa basi la usiku, ikafika Jumamosi saa nne.

Mzee alihitaji gari Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Anayezikwa alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi, na alikuwa ameahidi kubeba wajane wawili wa ukoo. Nilijaribu kuomba msamaha mlangoni. Alisema tu, "Funga geti," akaenda stejini kwa miguu, kutafuta gari ya Rongo. Afadhali angenigombeza.

Kujaza sasa. Chini ya boneti kuna bomba jembamba lenye kifuniko kilichofungwa kwa kipini kidogo cha plastiki. Ukikivunja ukachungulia, hakuna kijiti cha kupimia ndani. Hakikuwekwa, ili upimiwe kwa gereji. Mimi nilikuwa nimeagiza kijiti chake mapema, angalau hilo sikukosea. Oili ya zamani nilikuwa nimeipima kwa chupa za maji: lita 4 na kitu. Nikarudisha kiasi kilekile, nikawasha injini, mguu kwenye breki, nikapitisha leva P, R, N, D polepole, mara kadhaa. Halafu nikazunguka na gari hadi skana ikasoma digrii 80, nikarudi nikapima injini ikinguruma. Oili hupanuka ikipata joto, ukiipima ikiwa baridi kwa alama ya moto utajaza kupita kiasi.

Pia nilikuta soketi ya waya kando ya giaboksi imelowa oili. Mipira ya kuziba ilikuwa imekauka, na kwa hizi giaboksi oili inaweza kupanda ndani ya waya hadi kwa kompyuta yake. Kipande cha plastiki na mipira miwili. Nusu ya hilo teke huenda lilitoka hapo, na mtu alitaka 185,000.

Imepona? Tuta la Awendo haligongi tena. Asubuhi ikiwa baridi bado unasikia kitu kidogo kati ya 2 na 3, na sitadanganya kwamba najua itadumu miaka mingapi. Karibu nusu ya oili ya zamani bado imo ndani ya konveta, ju haitoki kwa sampu. Nitarudia baada ya kilomita elfu moja.

Oili chafu niliiweka. Fundi aliitaka, watu hapa hupaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na nyingine humwagwa mtaroni. Mtaro wetu unaenda mto Migori, na mto unaishia ziwani. Bado natafuta mahali wanaichukua, kwa hivyo chupa ziko chini ya kitanda changu na mathe hajafurahi.

Mzee aliendesha hadi Rongo na kurudi Jumapili, peke yake. Aliporudi hakusema lolote kuhusu gari. Aliuliza oili ya mara ya pili ni pesa ngapi, akaongeza kwamba safari hii chupa zitafika kwanza, yeye azisome, ndipo niruhusiwe kuleta jeki.