Kilo za Maji

Siku yangu ya kwanza kwenye mizani, nyapara aliniuliza mbele ya watu nilisomea nini chuoni. Nikamwambia uchumi, ila sikumaliza. "Uliishia wapi?" Mwaka wa pili. Akageukia foleni ya wachumaji, wengi wao akina mama waliokuwa na magunia mgongoni, akasema, "Basi huyu ndiye profesa wetu. Profesa nusu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ukiwa mgeni unacheka kila kitu.

Kwenye karatasi hakuwa nyapara, alikuwa supavaiza. Lakini huku kwenye majani chai, Kericho hadi Bomet, neno nyapara limekuwepo tangu enzi za mkoloni na halijawahi kustaafu. Kampuni sitaitaja, na yeye sitamtaja. Si kwa wema wangu.

Kazi nilitafutiwa na mjomba, ndugu wa mama yangu, ambaye "aliongea na mtu". Wewe uliyekulia Nairobi unaweza kudhani hayo ni maneno matupu tu. Huku ni deni. Karo ilinishinda, nikarudi nyumbani na begi moja na laptopu iliyopasuka kioo, na mjomba akaenda kuongea na mtu kwa niaba yangu. Ukiacha kazi kama hiyo hujaacha kazi tu, umemwangusha mjomba pia.

Karani wa mizani hufanya hivi. Mchumaji anatundika gunia, anaweka kadi yake, kilo zinatokea kwenye skrini. Kabla ya kukubali, karani anabonyeza makato: uzito wa gunia lenyewe, halafu maji. Majani yakiwa na umande au yamenyeshewa yanakuwa mazito, kwa hiyo unakata kilo za maji. Kericho mvua haibembelezwi, ikifika saa nane mchana mara nyingi imeshaanza, wakati mwingine na mawe juu, kwa hiyo hakuna anayekataa kwamba maji yapo. Ila pale kwetu hakukuwa na kipimo cha maji. Yalikadiriwa kwa jicho, na jicho lilikuwa la nyapara. Yeye anasimama nyuma yako, anaangalia gunia, anaangalia mwenye gunia, anasema namba. Wewe unabonyeza.

Mambo aliyonifanyia mimi nitayapitia haraka. Alinipiga picha nimesinzia mchana na kuituma kwenye grupu la WhatsApp la wasimamizi, na maandishi: "Digrii inapakia." Alinituma kwenye mvua kubeba magunia hadi kwenye trekta ilhali vibarua walikuwapo, wamesimama tu, wakinionea huruma bila kuthubutu kusogea. Hesabu ya siku ikipungua, kosa lilikuwa langu. Ikizidi, ni yeye aliyeipata. Nikaanza kuamka saa tisa usiku na moyo ukidunda kama nimechelewa mtihani. Mama akiniuliza kazi ikoje, namwambia iko sawa. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa inanishangaza jinsi ilivyozoea kusema iko sawa.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni, umri wa mama yangu. Nilimwita mama, yeye aliniita kijana yangu. Alikuwa mchumaji wa kweli, majani mawili na chipukizi, hana kikonyo kigumu wala jani bovu. Watu wengine walikatwa kilo mbili za maji. Yeye alikatwa nne. Siku nyingine tano. Hata siku ya jua kali, vumbi linapanda barabarani, nyapara anasimama nyuma yangu na kusema, "Hii iko na maji. Tano."

Kwa nini? Kila mtu alijua, na mimi nilijua ndani ya wiki mbili. Aliwahi kuambiwa apitie stoo jioni kuchukua eproni mpya. Hakupitia. Basi.

Mimi nilibonyeza tano.

Januari 2023, baada ya ile picha ya grupu, niliandika barua kwa meneja. Kurasa mbili. Sitadanganya, niliifurahia kuiandika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nitoke chuo kuandika kitu chenye mwanzo na mwisho. Niliweka tarehe. Niliweka majina ya walioshuhudia. Nikaiingiza kwenye bahasha na kuipeleka mwenyewe ofisini, nikiwa nimevaa shati la Jumapili.

Meneja aliisoma palepale. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonichanganya. Aliniambia nikae. Akaniambia naandika vizuri sana, kwani nilisoma wapi? Halafu akaikunja barua mara mbili na kusema, "Unajua huyu mtu analeta kilo." Nikanyamaza. "Shamba lake linaongoza. Nikimtoa, wewe ndiye utaniletea hizo kilo?" Akacheka kidogo. "Nyinyi ni watu wa nyumba moja. Ongeeni."

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisema meneja hakufanya kitu. Siku hizi sisemi hivyo. Alipiga hesabu. Upande mmoja aliweka kilo, upande wa pili akaweka kijana aliyeingia kwa mjomba, na akasoma mizani. Hata kilo zenyewe zilikuwa zinatokana na hofu ile ile niliyoilalamikia. Watu walikuwa wanachuma mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa sababu walijua ni nani anasimama nyuma ya mizani.

Kesho yake asubuhi, foleni ikiwa ndefu, nyapara aliinamia sikio langu akasema kwa sauti ya kutosha watu kumi: "'Tabia yake inanivunjia utu wangu.' Aii, Profesa. Utu wako ni kilo ngapi?"

Hiyo sentensi ilikuwa ya aya ya tatu ya barua yangu. Neno kwa neno.

Ofisi ilikuwa na sera, usifikiri haikuwa nayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Yetu ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, imetiwa plastiki, kwa Kiingereza. Mlango ukiwa wazi huioni. Na mlango ulikuwa wazi kila siku, kwa sababu meneja alijisifu kwamba mlango wake uko wazi.

Februari mwaka huohuo, BBC ikatoa filamu yake kuhusu mashamba ya Kericho. Wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi kwenye mashamba yaliyokuwa yakiendeshwa na Unilever na James Finlay walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao. Shamba letu halikuwamo. Tuliitazama kambini kwa simu moja, vijana wanne tumelaliana mabegani, bando ya kuchanga. Mwanzoni kulikuwa na kicheko, kile kicheko cha wanaume. Kisha ikafika sehemu ya yule mwandishi aliyejifanya mtafuta kazi: meneja mmoja anawahutubia wafanyakazi wapya kwamba kampuni haivumilii unyanyasaji hata kidogo, halafu meneja huyohuyo anamwalika binti kwenye baa ya hoteli jioni ileile. Hapo hakuna aliyecheka. Mmoja wetu akasema tu, "Si huyo ni kama wa kwetu."

Jambo lililonikaa ni jingine. Unilever ilikuwa imeshakabiliwa na madai kama hayo zaidi ya miaka 10 kabla, na ikaweka sera ya kutovumilia na mfumo wa kuripoti. Yaani njia ya kulalamika ilikuwepo. Nikafikiria barua yangu, ilivyotoka mkononi mwangu hadi mezani kwa meneja, na kutoka hapo hadi mdomoni mwa nyapara, usiku mmoja tu. Hata mjumbe wa harusi hakimbii hivyo.

Wiki hiyo bunge likaanza kuzungumzia uchunguzi, na kwetu tukaitwa mkutano uwanjani. Meneja alisema mtu yeyote anayesumbuliwa aje ofisini, mlango uko wazi. Nyapara alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma. Meneja alipomaliza, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kwa siku kama nane hivi makato yalikuwa ya haki. Kilo moja, mbili. Yule mama aliweka gunia, nikabonyeza mbili, akaniangalia kama ananiuliza kama kweli. Jioni alinisubiri kwenye njia ya kambini.

"Kijana yangu, nasikia uliandika barua."

"Ndiyo, mama."

"Uliandika na ya kwangu?"

Niko hapa naandika, miaka imepita, na bado naona alivyoshika kamba za gambuti zilizofungwa pamoja, amezitupa begani, miguu pekupeku kwenye nyasi. Kurasa mbili. Nilitaja picha ya WhatsApp, nilitaja jina la Profesa, nilitaja kubebeshwa magunia. Kilo tano za maji kwenye siku ya jua hazikuwamo. Hazikuwamo kwa sababu kidole kilikuwa changu, na kama ningeziandika ningelazimika kuandika na hilo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Niliandika."

Akasema, "Kongoi." Ahsante. Akaenda.

Siku ya tisa nyapara alisimama nyuma yangu tena. "Tano." Nikabonyeza. Lakini kabla ya kubonyeza nilishika simu kama mtu anayeangalia saa na kupiga picha skrini: kilo zilizopimwa, namba ya kadi, tarehe. Nyuma ya skrini, barabara inaonekana, kavu kabisa. Nilifanya hivyo siku kumi na moja. Mwisho wa Aprili mkataba wangu haukuongezwa. Hakuna aliyenifukuza. Waliacha tu kuniandika. Mjomba hakunisemesha mpaka Krismasi.

Sasa naandika makala za watu, wasifu, maelezo ya bidhaa, chochote kinacholipa kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa. Picha bado ninazo. Mwaka huu nilimpigia yule mama simu nikamwambia ukweli kuhusu barua, kisha nikamwambia kuhusu picha, na kwamba kuna wakili Kericho mjini aliyekubali kuziangalia. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Hakunilaumu kuhusu barua. Alisema alijua. Alisema kama ningeiandika ya kwake, nyapara angeisoma kwa sauti, na angesoma ya kwake kwanza.

Kuhusu picha, alisema ningoje. Bado anachuma kwenye shamba lilelile, chini ya mtu yuleyule, na binti yake yuko Form Four, karo inatoka kwenye hizo kilo zinazobaki. "Huyo amalize kwanza," akasema. "Halafu utanipigia, na utakuja nyumbani, na tutaenda pamoja kwa huyo wakili. Si wewe peke yako."

Mtihani ni Novemba. Nimehifadhi picha sehemu tatu tofauti.