Dereva asiye na lori

Nimepotea siku nyingi, wadau, mnisamehe. Kazi ya redio huku mpakani haina Jumapili. Leo nina kisa ambacho nimekuwa nikikikwepa, na mtaona kwa nini.

Ukisema "dereva" hapa Tunduma, kila mtu anageukia foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Kwa hiyo fundi alipoinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yetu ya studio na kusema, "Kaka, hapa shida ni madereva," nilicheka. Yeye hakucheka.

Siku moja kabla, alikuja mzee kutoka kijijini, upande wa Vwawa. Mwanawe ni utingo. Kijana aliondoka na lori la kwenda Kongo, na siku ya tisa ilikuwa inapita simu yake haipatikani. Nikampa shikamoo, nikamkalisha mbele ya kipaza sauti. Akataja jina la kijana, rangi ya lori, kisha namba za gari, polepole, akizisoma kwenye kikaratasi. "Mwanangu," akaniambia, "madereva wanasikiliza redio. Hakosi mmoja aliyemwona." Akapanda bodaboda, akarudi kwake.

Jioni nikafungua rekodi. Sauti inakatika! Tena pale pale kwenye namba: herufi ya kwanza, kimya, herufi ya mwisho. Mzee mwenyewe hana simu. Tangazo likaenda hewani bila namba.

Sasa turudi kwa fundi. Madereva wake ni programu ndogo zinazoongoza vifaa: kadi ya sauti ina wake, kadi ya mtandao ina wake. Akanieleza hivi. Prosesa ni kama mama aliye jikoni. Hawezi kutoka kila dakika kuchungulia kama kuna mgeni, kwa hiyo mgeni hupiga hodi. Mama anaweka mwiko chini, anakumbuka alipoishia, anamhudumia mgeni, anarudi kwenye sufuria. Hodi hiyo ndiyo katizo.

Tatizo ni milango. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na milango minane tu ya hodi. Mwaka 1984 ikaongezwa chipu ya pili, na mlango mmoja ukatumika kuziunganisha chipu hizo mbili, ikabaki 15. Saa ina wake, kibodi ina wake, diski zina wake. Wakongwe wanakumbuka walivyokuwa wakihamisha vipini vidogo kwenye kadi ili modemu isigombane na kipanya. Baadaye kadi za PCI zikaleta utaratibu mwingine: namba zinagawiwa zenyewe wakati kompyuta inawaka, na vifaa viwili vinaweza kupewa mlango mmoja.

Dereva basi hajichagulii mlango. Anauuliza mfumo, "Kifaa changu kinabisha namba ngapi?" Kisha anajiandikisha hapo na kusema kama yuko tayari kuchangia. Akigoma kuchangia, mwenzake anayekuja baadaye anakataliwa. Hodi ikipigwa kwenye mlango wa watu wawili, mfumo unawaita wote kwa zamu. Kila mmoja anakitazama kifaa chake, anajibu "si wangu" au "ni wangu, nimemaliza." Wa kwanza akichelewa, wa pili anasubiri.

Mashine yetu ni kuukuu na inatumia Linux, kwa hiyo fundi aliandika amri moja, orodha ya makatizo ikatokea. Namba 18: kadi ya sauti na kadi ya intaneti isiyo na waya, pamoja. "Kadi ya sauti ina kindoo kidogo," akasema. "Kikijaa kabla hakijamwagwa, kinafurika, na kilichofurika hukipati tena." Akazima mashine, akahamisha kadi ya sauti kwenye sloti nyingine, akawasha. Namba 17, peke yake. Tukarekodi nusu saa, haikukatika hata mara moja. Kompyuta za siku hizi hazina shida hii sana, maana kifaa hutuma hodi kama ujumbe na chaweza kupewa namba zake nyingi.

Halafu akauliza swali moja la kawaida tu: "Wakati mnarekodi, kuna mtu alikuwa anapakua kitu kikubwa?"

Alikuwepo. Mimi. Nilikuwa napakua mechi nzima ya jana yake, kwenye kompyuta hiyo hiyo, huku mzee wa watu anasoma namba.

Asubuhi nilikodi bodaboda mpaka kijijini kwake, nikanakili namba kutoka kwenye kile kikaratasi. Tangazo likarudiwa siku tatu. Siku ya nne kijana akapiga simu mwenyewe kwa jirani yao, kutoka Kasumbalesa. Lori liliharibika, simu iliibiwa. Hakuna dereva aliyesikia tangazo letu.

Mzee alikuja kunishukuru na kuku mkononi. Nikamwambia mtambo ulikuwa na hitilafu, ndiyo maana nikamfuata. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Kuku nilimpokea, wadau. Hiyo nusu nyingine ndiyo nimewaandikia leo, na Jumamosi naenda Vwawa kumwambia na yeye.