Kamera Yetu ya Kwanza na Amana ya Bi Harusi



Wengi mnatuuliza tunatumia kamera gani, na mtu akitaka kuanza anunue ipi. Leo tunajibu, ila jibu letu linaanzia chumbani kwa bi harusi kabla ya kufika dukani.

Mnakijua chumba chenyewe. Mapazia yamefungwa, somo yuko mlangoni, bi harusi kakaa kichwa wazi, hina imekolea mpaka karibu na viwiko. Hapo mwanamume asiye maharimu hapiti. Ndiyo maana wengi katika mama zetu hawana picha hata moja ya siku waliyopambwa. Zama za filamu, hata kama aliyepiga ni shoga yake, filamu ilikwenda dukani kusafishwa, na anayeisafisha humjui. Wakaona bora wakose.

Wapo pia wanaoona ni bora kutopiga picha kabisa, nao tunawaheshimu. Haya ni kwa yule anayetaka kumbukumbu yake, lakini anataka ibaki yake.

Sisi tuko watatu, wawili ndugu wa tumbo moja na mmoja mtoto wa mama mdogo. Tulicheza mchezo wa pesa mwaka mzima, na zamu yetu ilipofika tukanunua DSLR.

Kwa nini si simu?

Simu za siku hizi zinapiga vizuri, hatubishi. Lakini simu nyingi hupandisha picha kwenye akaunti ya intaneti zenyewe, na kutoka hapo kuingia kwenye kundi la WhatsApp ni kidole kimoja tu. Picha ya DSLR inakaa kwenye kadi mpaka uitoe kwa mkono wako. Kamera nyingi mpya nazo zina Wi-Fi au Bluetooth, lakini vyote vinazimwa kwenye menyu. Sisi huzima kabla ya kutoka nyumbani.

Tulichagua vipi

Tulipima mbili za wanaoanza, Canon EOS 2000D na Nikon D3500. Zote zilitoka mwaka 2018, zote zina megapikseli 24, na zote zina nafasi ya kadi moja tu. Nikon inashinda kwa betri: kwa kipimo cha watengenezaji inapiga kama picha 1,550 kwa chaji moja, na Canon kama 500. Kwa kisiwa ambacho umeme hukatika, hilo si dogo. Lakini Nikon hii haina mota ya fokasi ndani yake, kwa hiyo lenzi kuukuu zisizo na mota utazizungusha kwa mkono.

Tukachukua Canon, ya mtumba, pesa iliyobaki ikanunua lenzi ya 50mm f/1.8. Ukinunua mtumba, fungua lenzi, itazame dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu. Iache.

Na hapa ndipo tungependa mtusikilize: pesa ikiwa kidogo, punguza kwenye kamera, usipunguze kwenye lenzi. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Hii ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Chumba cha mapazia yaliyofungwa na balbu moja kinaitaka hiyo. Kasoro yake ni kwamba kwenye kamera hizi inavuta kama 80mm, kwa hiyo chumba kikiwa kidogo utajibana ukutani.

Tulijifunza nini

Tulifanyia mazoezi nyumbani: birika la kahawa, bibi dirishani, sisi kwa sisi. Mambo ni matatu tu: tundu la lenzi linapanuka kiasi gani, shata inafunguka muda gani, na ISO iko wapi. Bi harusi aliyetulia tunampiga kwa 1/125. Ngoma ikianza ukumbini tunapanda 1/250, na ISO tunaipeleka 1600 bila hofu. Chengachenga kidogo si kitu, picha iliyotikisika haitengenezeki.

Kwa hina usitumie f/1.8. Kidole kimoja kitaonekana, vingine vyote ukungu. Nenda f/4, maua yote yatoke.

Balbu ya njano humfanya bi harusi kama kapakwa manjano, na hina nyekundu ikawa kahawia. Chagua alama ya balbu kwenye kamera. Mchana, zima taa kabisa, mkalishe karibu na dirisha lenye pazia jeupe jepesi, ukihakikisha nje hakuna anayeona. Hakuna taa ya kununua inayoushinda mwanga ule.

Jingine: kamera hutaka kila kitu kiwe cha wastani. Gauni jeupe italifanya la kijivu, na kundi la mabuibui meusi italififisha. Kwa gauni jeupe ongeza mwanga hatua moja, kwa mabuibui punguza moja.

Kuitunza, na kutunza siri

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Kamera isikae kabatini ndani ya mkoba wa ngozi, iweke kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka ukumbi wa AC, iache mkobani kwanza mpaka ipate joto, lenzi isitoe jasho.

Na kadi. Picha uliyoifuta inaweza kurudishwa na programu ya kompyuta, mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Kwa hiyo kadi zetu hatuuzi, hatuazimi, na kompyuta ikiharibika diski yake tunaitoa kabla haijakwenda kwa fundi. Bi harusi akishapokea picha zake na kuhakikisha zimefunguka, za kwetu tunazifuta mbele yake, kisha tunaijaza kadi kwa picha za bahari na minazi.

Bibi harusi, kabla hujamlipa mpiga picha yeyote, hata akiwa mwanamke mwenzako, muulize: nani atazihariri? Zitakaa wapi? Zitafutwa lini? Akijikuna kichwa, tafuta mwingine. Na wewe unayetaka kununua kamera, yawe na majibu maswali haya kabla ya kuuliza bei.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, atusitiri sote, na atujaalie tuwe watunzaji wa amana. Amin.