Kati ya Pamba na Pamba

Kwetu Mwandoya, pesa ina msimu wake, kama mvua. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, soko hufunguliwa Mei au Juni, na kwa wiki chache kila mtu ana noti mfukoni. Baada ya hapo huja miezi mirefu. Nilipokuwa mdogo, wakati wilaya yetu ya Meatu ilikuwa bado chini ya Mkoa wa Shinyanga (Mkoa wa Simiyu, tulioko sasa, ulizaliwa 2012), niliona jambo ambalo sikulielewa hadi nilipokua: nyumba yenye zizi la ng'ombe ilikuwa ikihangaika kila Januari kutafuta shilingi 20,000, ada ya mwaka mzima ya sekondari ya kutwa.

Kwa baba, ng'ombe hakuuzwa kwa ajili ya homa ya mtoto wala madaftari. Aliuzwa kwa jambo kubwa, tena baada ya wazee kukaa. Na hata angekubali, ng'ombe hauzwi nusu. Ukimfikisha mnadani Januari, mnunuzi anajua fika una shida. Dalali anakutazama wewe usoni kabla hajamtazama mnyama. Utajiri ule ulikuwa wa kuheshimiwa, si wa kuvukia mwezi.

Aliyetuvusha ni mama, kwa vitu vidogo. Viazi vitamu vikishavunwa alikaa kivulini na kisu kifupi, akimenya na kukata vipande vyembamba, kisha akavianika juu ya mwamba hadi vikauke na kugongana kwa sauti ukivishika. Hiyo ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza ndipo akavianika, vikawa matobolwa, ambayo sisi watoto tuliyaiba. Magunia yalikaa juu, moshi wa jikoni ukiyafukuza wadudu, na Januari yalishushwa moja moja: tulikula kiasi, kiasi kingine akauza kwa kopo. Alikuwa na choroko, kuku, na mbuzi wawili watatu ambao baba hakuwahesabu. Utaratibu wake haukuandikwa popote lakini sote tuliujua: kuku wa dawa, mbuzi wa ada, na mtama wa kwenye kihenge usiguswe kabla ya Februari.

Wasio na akiba hiyo waliuza pamba ikiwa bado maua. Mwenye duka alitoa unga na fedha kidogo, kisha Juni akaja na magunia yake na bei yake. Nawakumbuka majirani waliovuna msimu mzima bila kuishika noti. Anayesema mikopo ya kuumiza ililetwa na simu hakuishi kwetu wakati ule.

Simu, kusema kweli, ilianza kwa neema. M-Pesa iliingia nchini 2008, na baada ya muda kaka yangu wa Mwanza akaacha kumkabidhi kondakta bahasha. Upungufu wa siku tatu ukawa wa dakika tatu. Kisha simu ileile ikaanza kukopesha, na nyuma yake wakaja watu wa kausha damu, yaani mikopo ya riba ya kuumiza. Ada ya shule ilikuwa imefutwa 2016, lakini sare, madaftari na nauli havikufutwa.

Mwaka wa 2019 ndio uliowafungulia mlango. Bei ya pamba ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, watu wakashangilia, wakapeleka mzigo, na wengi wakarudi nyumbani bila fedha. Malipo yalichelewa miezi. Mtu mwenye pamba iliyokwisha pimwa na mfuko mtupu ndiye mteja mzuri kuliko wote kwa mkopeshaji. Mwalimu mmoja jirani yetu, ambaye mshahara wake ulitegemewa na ukoo mzima, alichukua 100,000 arudishe 130,000 baada ya mwezi, akaacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mshahara ulipoingia, mkopeshaji alifika kwenye mashine kabla yake. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana, asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiasi kile ni shilingi 3,500. Hakuna aliyemwambia.

Mama wakati huo alikuwa kwenye sanduku, yaani kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Vikundi hivi vina ukoo mrefu: mfano wake ulianza Niger mwaka 1991 kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukafika Tanzania na kuitwa VICOBA. Sanduku lao ni la bati, lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Siku ya kikao bakuli moja hupokea hisa, jingine faini. Anayechelewa huambiwa, "Mayu (mama), faini!" naye hulipa akicheka au akinuna, lakini hulipa. Mkopo wao una riba ya asilimia 5, na mtu wa hesabu atasema ni ghali kuliko ile 3.5. Ni kweli, ila riba hiyo hurudi kwa wenye hisa siku ya mgao, akiwemo aliyeilipa. Ugonjwa na msiba vina mfuko wake, usio na riba kabisa.

Michembe mama bado anaanika. Anasema sanduku hufunguliwa siku ya kikao, na njaa haijui siku ya kikao.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nilimsomea mama habari hiyo. Aliniuliza tu kama zile zenye leseni zinasubiri pamba inunuliwe.

Jambo alilolipigania yeye ni dogo zaidi. Kikundi chao kilikuwa kikigawana Desemba, na mgao wote uliishia kwenye nguo na pilau ya Krismasi, wiki mbili kabla shule hazijafunguliwa. Alibishana vikao kadhaa, akashinda, mgao ukahamia Januari. Kama nanyi kwenye kikundi chenu mnaishi kwa zao la msimu mmoja, na bado mnavunja sanduku Desemba, liwekeni suala hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho.