Ngerengere: Safari ya Wawili Kwenye Nchi ya Msondo

Waulize vijana wa Dar wikiendi hii wanawapeleka wapi wapenzi wao. Majibu unayajua: Zanzibar, Bagamoyo, au Kigamboni kama mshahara haujatoka. Ukitaja Ngerengere watacheka. Kuna nini kule zaidi ya mkonge na kambi ya jeshi?

Ipo sababu moja nzuri ya kwenda, nayo ni ngoma. Ila kabla hatujapanda treni, tumzungumze kwanza mwanamke aliyeifanya ngoma ya namna hiyo ipigiwe makofi duniani.

Bibi aliyewafunika vijana

Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, alizaliwa Unguja, baba yake akiwa muuza nazi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haukuandikwa, lakini wengi wanaamini alipofariki Aprili 17, 2013 alikuwa amevuka miaka mia. Nyimbo alizifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928.

Inasimuliwa kwamba aliozeshwa akiwa bado binti mdogo, ndoa ikamshinda, akakimbilia bara. Huko akatembea sana, miguu peku, akiimba. Baadaye akarudi Unguja akaishi kwa jasho lake: aliuza hina na wanja, alitibu kwa dawa za miti shamba, aliwafunda wari. Siku hizi tungeiita biashara ya pembeni. Kwake ndiyo iliyomfanya asimtegemee mwanaume kwa chakula.

Na jukwaani je? Jamani! Wewe mpenzi wa rock unayependa msanii anayeshika ala yake kama anagombana nayo, ulipaswa kumwona bibi huyu. Msondo, ngoma ndefu ya kusimama, alikuwa akiufunga kiunoni, anaupanua miguu, anaupiga kwa viganja huku sauti yake nzito yenye mikwaruzo ikipaa bila kuomba msaada wa spika. Shoo zake za tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe zilikuwa gumzo. Aliimba Ulaya, Uarabuni na Japani, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Sigara alivuta hadharani, na maneno ya watu hayakumkosesha usingizi.

Sasa Ngerengere inaingiaje?

Swali zuri. Bi Kidude aliimba taarab, lakini msondo wake ulikuwa wa unyago, na unyago wa visiwani una mizizi bara. Watu waliovuka bahari, wengi wao wakiwa watumwa na vibarua, walivuka na ngoma zao. Huku bara, msondo wa wari unajulikana vizuri kwa Wazaramo na jirani zao. Hata bendi kongwe ya Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, imebeba jina hilo.

Ngerengere ipo katikati ya nchi hiyo, mashariki ya mji wa Morogoro, kwenye ardhi ya Wakwere, Wakutu na Waluguru. Makabila haya huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa mila, hata ardhi hufuata ukoo huo. Binti akivunja ungo, aliwekwa ndani akafundwa: usafi, heshima, mambo ya ndoa. Alipewa mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, akakitunza kama mtoto wake. Alipotolewa nje, kina mama ndio walioitawala ngoma.

Fikiria hilo kidogo. Morogoro inajulikana nchi nzima kwa muziki, lakini majina tunayoyataja ni ya wanaume: Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Magitaa yao yalipigwa ukumbini, kwa kiingilio, yakarushwa redioni. Msondo wa kina mama ulipigwa uani, nyuma ya uzio, na hakuna aliyeuandikia bango. Alichofanya Bi Kidude ni kuutoa uani na kuupandisha jukwaani. Lilikuwa jambo zito, maana unyago ni siri ya wanawake. Lakini bila yeye, wengi wetu tusingejua kwamba kule nyuma ya uzio kulikuwa na wanamuziki.

Kufika huko

Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, inapita hapa. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya SGR nayo inabeba abiria, na Ngerengere ina stesheni yake. Kutoka Dar ni safari ya chini ya saa mbili. Kabla hujakata tiketi, hakikisha treni unayoipanda inasimama hapo, si zote zinazosimama. Kaeni dirishani. Milima ya Uluguru inapoanza kujitokeza mbele, mtashika mikono bila kuambiana.

Mto Ngerengere wenyewe unatoka kwenye milima hiyo, unajaza bwawa la Mindu linalowanywesha watu wa Morogoro, kisha unakwenda kumwaga maji yake mto Ruvu. Maji ya Ruvu ndiyo yanayoletwa Dar, kwa hiyo huenda umeshauoga mto huu bila kujua.

Angalizo mawili. Kwanza, kuna kambi ya jeshi, hivyo kamera iwe na adabu. Pili, ngoma za wari haziuzwi tiketi. Baada ya mavuno ndiyo msimu wa shughuli. Ukialikwa, nenda na zawadi, na mfuate mwenyeji wako. Kaka, ukiambiwa usubiri nje, subiri nje. Dada akitoka huko anatabasamu, usimchimbe.

Siku hizi shule na kazi zimefupisha siku za kufundwa, na kitchen party za mjini zimechukua sehemu ya kazi ya kungwi. Mengine yameachwa na hayana hasara. Lakini lile la wanawake kuwa na ngoma yao, wakaipiga bila kumwomba mtu ruhusa, hilo tusilipoteze.

Wanaume wengi wa mjini wanampenda msanii wa kike akiwa wa mwenzao. Akiwa wake, anaanza kuuliza kwa nini mazoezi yanaisha saa nne usiku. Kwa hiyo mkiwa kwenye treni ya kurudi, zimeni simu mzungumze: kuna kitu gani mwenzio anakipenda na anakijua, ila anakipigia uani kwa kuogopa utasema nini? Kama mmependana kweli, msaidie akitoe nje.